Bundi Ndani ya Godoro la Sufi

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka kwa mtaalamu wake wa matamshi akiwa ameshika ndege wa karatasi. Tumboni wamembandika pamba kwa gundi, machoni wamempaka njano, na mikono yote ya mtoto inanuka gundi. Nje jua la Desemba limekaa utosini, lami inanata kwenye kandambili, na mtoto ananiambia huyu ndege anaishi kwenye theluji. "Bibi, sema jina lake. Mwalimu kasema kila mtu nyumbani aseme." Nikafungua mdomo. Herufi ya kwanza ikakaa pale pale, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Mimi, mwanamke mzima niliyezoea kusimama kwenye vikao vya wazazi nikagombana na watu wenye tai zao, nikakwama kwenye neno bundi kama nina miaka minane! Mtoto akanipapasa mkono kwa huruma. "Toa pumzi kwanza, bibi." Loh! Nikacheka mpaka machozi, ingawa machozi yale hayakuwa yote ya kicheko.

Nyinyi wa rika langu mliokulia mjini enzi za foleni za unga na sabuni mnajua kwamba mtoto mwenye kigugumizi siku zile hakuwa na mtaalamu. Alikuwa na ushauri tu. Mpige mdomo kwa mwiko. Mshtue akiwa amekaa. Mlazeni njaa, atasema. Kila mpita njia ana dawa yake, na kila dawa inamuuma mtoto. Sisi tulikuwa Wachagga wa Kariakoo, chumba kimoja kwenye nyumba ya Bi Zena, Mtaa wa Sikukuu, vyumba sita vinatazamana ukumbini na uani tunagombea kamba ya kuanikia. Bi Zena mwenye nyumba alikuwa akiniona tu anamgeukia mama. "Mama Aika, huyu mtoto mlimlisha nini? Mbona maneno hayatoki?" Mama anacheka kidogo, kicheko cha mpangaji kwa mwenye nyumba. Mimi nainama nahesabu nyufa za sakafu.

Shuleni ndiyo ilikuwa balaa. Mwalimu akiita majina, kila mtoto anasimama, "Nipo, mwalimu!" Neno moja tu. Ikifika zamu yangu nasimama, ile N inaniganda, shingo inakakamaa, macho yananitoka, na darasa zima linanisaidia kwa pamoja, "N-n-n-n!" Mwalimu mkuu akamwita baba. Akamwambia bila kuzunguka kwamba mtoto asiyeweza hata kuitikia jina lake hatampandisha darasa la pili, watoto ni wengi na walimu ni wachache. Baba alikuwa fundi wa mabehewa kwenye karakana ya reli kule mtaa wa Gerezani, mtu wa sauti kubwa, anasalimia watu kutoka upande wa pili wa barabara. Siku ile alirudi nyumbani kimya, akala kimya, akanawa kimya.

Huko kazini mtu mmoja akamwambia kuna mama wa Kihindi upande wa Kisutu, amerudi karibuni kutoka Ulaya alikosomea kazi ya kufundisha watoto kusema. Baba akadhani anataniwa. Kusema kunasomewa? Lakini akaenda, na akarudi na siku yangu, kila Jumatano asubuhi. Mama alikuwa na mdogo wangu Eli, bado ananyonya, hawezi kumbeba jua lote lile. Basi aliyejitolea kunipeleka ni Da Siwema.

Huyu Siwema alikaa chumba cha mwisho, karibu na choo. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikaanga maandazi alfajiri, saa mbili karai limeshaoshwa, na khanga yake daima ilinuka iliki na mafuta. Eli alilelewa zaidi mgongoni mwake kuliko mgongoni mwa mama. Mimi nilimpenda kwa sababu moja kubwa: hakunimalizia maneno. Nikikwama alisubiri, anaangalia pembeni kama mtu anayengoja maji yachemke. Lakini jina lake sikuwahi kulisema. Hiyo S ilikuwa ukuta. Nikimtaka, namvuta ncha ya khanga.

Mwalimu Hansa alitupokea ghorofani, kwenye chumba chenye harufu ya ubani na binzari, maua ya manjano mbele ya kijisanamu cha mungu wao pembeni. Alikuwa mwembamba, nywele ameziachia suka moja mpaka kiunoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo hasa kuliko cha baba. Akatoa kisanduku cha picha. Akamweleza Siwema kwamba huko alikosoma wana majira manne, na kila majira yana kisanduku chake cha picha za kufundishia watoto. Alisafirisha vyote vinne. Vitatu vilipotelea njiani, hajui wapi. "Kimebaki cha baridi tu," alisema, akacheka. "Basi tutajifunza kusema kwa baridi."

Ndivyo nilivyokutana na wanyama wale, picha nane, nimekaa mkekani jasho linanitiririka mgongoni. Pengwini alitembea hatua fupi fupi, kwa hiyo na mimi nitembeze neno hatua fupi fupi, napiga paja kwa kiganja, pe-ngwi-ni. Sili aliteleza juu ya barafu kwa tumbo, basi na mimi niteleze juu ya sauti nisiikanyage. Dubu alilala ndani ya theluji majira yote ya baridi, mabega yamelegea, taya limelegea. "Kabla hujasema, kuwa dubu," Mwalimu ananiambia, ananishika mabega kwa vidole vyake vyenye bangili. Da Siwema kwenye kiti chake pembeni naye analegeza mabega! Nikiliweza neno kwenye sentensi nzima bila kukwama, picha inageuzwa kifudifudi. "Zikigeuka zote nane, mimi na wewe tumemaliza," alisema Mwalimu.

Na nilikuwa naweza, jamani. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Wiki ya tatu nilimwambia paka uani, "Toka hapo, sitaki uniibie dagaa," maneno yametoka kama maji. Nilipogeuka, Da Siwema amesimama na ndoo. Alisema tu, "Mmh! Kumbe." Akaenda zake kuoga, siri akabaki nayo.

Sasa sikilizeni ujinga wa mtoto. Wanyama wote wale walikaa kwenye theluji, na nyuma ya picha ya dubu palichorwa mlima wenye kichwa cheupe. Mlima wenye kichwa cheupe mimi nilikuwa naujua. Ulikuwa ukutani kwetu, kwenye kalenda ya zamani ambayo baba alikataa kuitoa, Kibo yenyewe. Nikamwonyesha mama kalenda kwa kidole. Mama akasema, "Ndiyo, ile ni theluji. Kwetu kule. Kwa bibi yako." Na baba tangu nizaliwe alikuwa akitusimulia baridi ya kule, vidole vinakufa ganzi, ng'ombe wanalala ndani na watu. Nikaunganisha mwenyewe. Dubu anakaa juu ya bibi. Bibi ambaye nilimwona mara moja nikiwa mchanga, asiyejua Kiswahili, na mimi nisiyejua Kichagga chake.

Kisha ikaja ile jioni. Baba na mama wakitaka kusema la watu wazima walihamia Kichagga nyuma ya pazia, wakijua Kichagga changu ni cha kuombea maji na kuitikia salamu. Lakini hakuna Kichagga cha Dar es Salaam kisicho na Kiswahili ndani yake. Nikiwa nimelala na Eli nikasikia maneno yakipita, moja hapa moja pale. Picha. Zikiisha. Kusema. Krismasi. Halafu neno la kubaki, ambalo nililijua. Halafu bibi. Sentensi nzima ya baba, nilikuja kuijua baadaye, ilikuwa hivi: picha zikiisha na bado hasemi, Krismasi tukienda tumwache abaki kwa bibi, asichekwe na watoto wa mjini. Hicho kijineno cha kukana, hicho ha cha hasemi, kilisemwa Kichagga. Kikanipita. Mimi nikabaki na sentensi yangu: picha zikiisha na akisema, anabaki kwa bibi.

Kumbe ndiyo maana wananifundisha majina ya wale wanyama! Wananizoesha majirani zangu. Mwalimu Hansa naye yumo. Nikikaza macho kwenye kalenda namwona kabisa dubu amelala nyuma ya ule weupe, anangoja picha ziishe. Nikaapa kwamba haziishi.

Tangu Jumatano iliyofuata nikawa nakwama kwa makusudi. Na niwaambie, kuigiza kigugumizi ni kazi kuliko kuwa nacho. Cha kweli kinaingia bila hodi, cha kuigiza lazima ukikumbuke. Nakwama kwenye p, nasahau nateleza kwenye k, Mwalimu ananitazama, nakwama haraka. Alinigundua? Sijui. Alikuwa na njia zake. Ananichekesha, ananiuliza jambo ghafla, najibu, anaigeuza picha. Tano. Sita. Saba. Nyumbani nako nazidi kukwama, na baba anaanza kuulizia nauli ya gari la Moshi. Kila nilivyojificha nisiende ndivyo nilivyozidi kujifungashia safari kwa mikono yangu mwenyewe.

Ikabaki picha moja, ya bundi. Mweupe pee, macho ya njano, mabawa yamefunguka juu ya theluji. Mwalimu Hansa alipoitoa mara ya kwanza Da Siwema aliruka kitini. "Mwalimu! Hiyo si ya kumwonyesha mtoto." Mwalimu akashangaa. Siwema akamweleza kwamba kwetu huyo akilia juu ya paa watu wanaanza kuuliza nani mgonjwa. Mwalimu akafikiri kidogo, akasema kule alikosoma ni ndege tu, sifa yake ni kuruka bila mabawa kutoa sauti. "Toa pumzi kwanza, kimya kimya, kama bawa lake. Halafu neno lipande juu ya pumzi. Usilisukume." Akageuza kadi, nyuma akaandika kwa penseli, kwa Kigujarati chake, jinsi ya kuifundisha. Siwema akatulia. Njiani, tukikatiza Mnazi Mmoja, nilimsikia anajifundisha mwenyewe, anatoa pumzi, "Hhh-bundi."

Jumatano iliyofuata mtu akagonga, Mwalimu akaenda mlangoni. Siwema alikuwa dirishani anaangalia barabara. Nikaichukua kadi, nikaibana kwenye mpira wa chupi chini ya gauni. Mwalimu akarudi, akatafuta chini ya mkeka, ndani ya sanduku, nyuma ya maua ya mungu wake. "Basi, wiki ijayo," akasema. Nilitembea mpaka Kariakoo kadi inanikwaruza tumbo, nafurahi. Picha iliyopotea haiwezi kuisha.

Chumba kimoja hakina pa kuficha kitu. Ila godoro la Eli, godoro lake dogo la sufi, lilikuwa limefumuka mshono upande wa ukutani. Nikaisokomeza humo kadi mpaka kiwiko kikazama kwenye sufi. Na Mungu naye, nisamehewe kwa kusema hivi, akachagua wiki ile ile kumtia Eli homa.

Homa ile haikusikia maji ya kumkanda wala vidonge vya zahanati. Siku ya nne asubuhi mama akatoa godoro kulianika, limelowa jasho la mtoto. Bi Zena, ambaye hawezi kuona mtu anafanya kazi asiikosoe, akachukua mwiko wa ugali. "Halipigwi hivyo, Mama Aika. Lete." Akalipiga mara tatu. Kadi ikatoka na kibonge cha sufi, ikaangukia miguuni mwake, macho ya njano juu.

Sijasikia ukelele kama ule tena. "Bundi! Bundi kwenye kitanda cha mtoto! Yarabi, njooni muone!" Wapangaji wakatoka wote, mwingine bado na sabuni masikioni. Bi Zena hakuigusa. Akaigeuza kwa mwiko, na nyuma ikaonekana ile penseli. Hapo ndipo wote waliporudi nyuma hatua. "Na imeandikwa! Tazameni, si Kiarabu hiki, si Kiswahili hiki. Hii imetengenezwa." Mama akambana Eli kifuani. "Sisi ni watu wa kanisa, hatuamini mambo hayo," alisema, huku anausogelea ukuta ili awe mbali na kadi.

Nani humshika mtoto huyu? Ndilo swali aliloliuliza Bi Zena, taratibu, na halikuhitaji jibu. Nani anambeba kutwa? Nani hana wake? Macho yakaanza kugeuka, moja baada ya jingine, mpaka chumba cha mwisho karibu na choo, ambako Siwema alikuwa ametoka na mikono yenye unga. "Jina lenyewe mnaliona," Bi Zena akasema. "Siwema. Mlitegemea nini?"

Siwema akaitazama kadi. Aliitambua. Nilimwona akiitambua, namna nyusi zilivyopanda kisha zikashuka. Halafu akanitazama mimi. Hakunikazia macho. Alinitazama vile vile alivyozoea kunitazama nikikwama, kama mtu anayengoja maji yachemke.

Akaitwa balozi wa nyumba kumi, fundi cherehani wa nyumba ya kona, akaja na futi yake ya kupimia shingoni. Alikuwa mtu wa busara. Akasema hii ni karatasi, ndugu zangu, na karatasi haimpi mtu homa. Akauliza ni ya nani. Akamuuliza Siwema. Siwema akasema, "Si yangu." Akamuuliza anajua ni ya nani? Akachelewa kujibu, akanitupia jicho tena. "Mwenyewe atasema," akasema.

Na mimi nilikuwepo, jamani. Nimesimama nyuma ya kamba ya nguo, shuka limenigusa shavu, najua kila kitu. Neno lilikuwa tayari mdomoni na safari hii halikukwama hata kidogo. Nililimeza. Maana nikisema, wamenisikia nasema. Na nikisema, picha imeonekana, ya nane imegeuka, zimeisha. Dubu. Bibi. Mama kubaki huku na Eli, mimi kule. Nikaweka mtu mmoja kwenye mizani na mama yangu upande wa pili, nikamwacha Siwema aanguke. Balozi akasema yeye hana kesi hapo. Bi Zena akasema nyumba ni yake na chumba anakitaka kesho. Kadi akaichoma jikoni kwa ubani, akifukiza moshi milango yote sita.

Baba siku ile alikuwa kwenye njia, wamempeleka Morogoro kutengeneza behewa lililokwama, hakurudi mpaka jioni ya kesho yake.

Asubuhi mkokoteni ulikuwa nje. Vitu vya Siwema vilikuwa vichache hivi kwamba mwenye mkokoteni aliuliza vingine viko wapi. Kitanda cha kamba, karai, jiko la mkaa, furushi la khanga. Wapangaji walisimama milangoni, hakuna anayesaidia na hakuna anayeondoka. Eli alikuwa ameshapata nafuu. Homa ilimtoka alfajiri kama zinavyotoka homa, na Bi Zena ameshatangaza mtaa mzima sababu yake. Siwema akafunga furushi, akapita ukumbini, akafika mbele ya mama. Eli alipomwona akacheka, akanyoosha mikono yote miwili, kama kila siku. Siwema naye akanyoosha.

Mama akarudi nyuma.

Alirudi hatua moja tu, na bega lake akaliweka katikati. Siwema akaishusha mikono. Akaifuta kwenye khanga, polepole, kiganja na nyuma ya kiganja, ingawa ilikuwa safi. Ule mkono wa unga na iliki! Nikawa dubu, nikalegeza mabega. Nikatoa pumzi, kimya, nikamsikia Mwalimu anasema usilisukume.

"Picha ni yangu," nikasema. "Niliiba mimi kwa Mwalimu Hansa. Niliificha mimi kwenye godoro. Da Siwema hakufanya kitu."

Maneno yote yalitoka, marefu, yamenyooka, hakuna hata moja lililokatika. Nikangoja kipigo. Nikangoja mama amgeukie Siwema amwombe radhi. Bi Zena alishika mdomo. Halafu akapiga kelele.

"Kasema! Jamani, mtoto kasema!"

Vigelegele vikapasuka. Mama akanidaka akaninyanyua, analia, "Mwanangu, mwanangu, sema tena!" Mpangaji wa chumba cha pili anacheza. Mtu anapiga sufuria. Nikasema tena, "Picha ni yangu, niliiba mimi," na kila nilivyosema ndivyo walivyozidi kushangilia. Hakuna aliyesikia nilichosema, walisikia tu kwamba nasema! Na Bi Zena, mikono juu, anawaeleza waliokuja kutoka nyumba ya jirani: "Si niliwaambia? Jana nimemchoma bundi, leo huyu anatoka, mtoto kafunguka ulimi asubuhi hii hii. Mlitaka ushahidi gani tena?"

Nilipofanikiwa kushuka mikononi mwa mama na kufika barazani, mkokoteni ulikuwa umeshakata kona.

Baba ndiye aliyesikia. Alirudi jioni na mafuta ya mabehewa mikononi, akapokelewa na habari ya muujiza, akanikalisha kitandani. "Haya, sema." Nikasema yote, kutoka mwanzo, kalenda, dubu, pazia. Mwanzoni alikuwa anatabasamu. Nilipofika kwenye maneno niliyoyasikia kwa Kichagga, tabasamu likaondoka. Akanirudia sentensi yake kwa Kiswahili, taratibu, na alipofika kwenye hasemi akasimama. Akairudia. Hasemi. Mama akakaa chini sakafuni. "Kwa hiyo huendi kubaki popote," baba akasema. "Na juu kule hakuna dubu." Nilitakiwa nifurahi. Nilimuuliza Da Siwema yuko wapi.

Jumapili baada ya kanisa tukamtafuta Ilala, mimi na baba, yeye na suti yake moja. Mama alitaka kuja, akafika mlangoni, akashindwa. Tulimkuta kwenye kibaraza cha nyumba ya udongo, ametupa mgongo, anakata donge la maandazi kwa kisu. Baba, mtu wa sauti kubwa yule, alisimama katikati ya uchochoro, anafungua mdomo na kuufunga. Nikamwangalia nikajua kabisa anachosikia kooni. Nikatoa pumzi.

"Da Siwema."

"Abee!" akaitika, bila kugeuka, kama mtu anavyoitika popote. Halafu kisu kikasimama. Akageuka polepole, akaniona.

Baba aliomba radhi vizuri, baada ya kuanza mara tatu. Akamwambia amesema na Bi Zena, chumba kipo, arudi. Siwema akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwambia hapana, shemeji, nimeshapata hapa. Hakuwa na hasira usoni. Ningependa angekuwa nayo. Mimi nikamuuliza kwa nini hakusema, hali alijua. Akaendelea kukata maandazi yake. "Ningesema mimi, wangesema namsingizia mtoto asiyeweza kujitetea. Ilibidi useme wewe." Akapanga vipande kwenye sinia. "Nilidhani utasema siku ile ile."

Nikamshikia sinia.

Alitufungia maandazi kwenye gazeti, manne ya baba, mawili ya mama, na moja dogo akasema la Eli, ingawa Eli hakuwa na meno. Tulipofika mwisho wa uchochoro tukamsikia nyuma.

"Aika!"

Nikageuka. Amesimama kibarazani, mikono ina unga mpaka viwikoni.

"Niite tena," akasema. "Sijawahi kukusikia ukiniita."

Nikamwita tena.